Nahodha Slocum na upweke wa bahari kuu

JIONI moja mapema Julai mwaka 1895, ukungu uliokuwa umeifunika Bahari ya Atlantiki mashariki mwa Nova Scotia uliinuka kwa muda mfupi, na mwezi mpevu ukachomoza mbele ya mashua ndogo ya mlingoti mmoja. Mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa peke yake chomboni aligeuka, akauona, akauamkua kwa sauti kuu na kuuambia kwamba amefurahi kuuona. Tangu jioni hiyo, kwa muda wote wa safari iliyochukua zaidi ya miaka mitatu, aliuzungumzisha mwezi mara kwa mara na kuutolea siri zake.

Hakuwa amelewa, wala hakuwa amerukwa na akili. La hasha! Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikuwa akijitahidi asije akarukwa na akili.

Nahodha huyo, Joshua Slocum, ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia peke yake kwa chombo cha matanga. Alisafiri takriban maili 46,000 kwa miaka 3, miezi 2 na siku 2. Wanaomtaja aghalabu husifu ujuzi wake wa kusoma upepo na kushika usukani, nao wana haki. Hata hivyo, waliokuwa na ujuzi kama huo zama zile hawakuwa haba. Lililomtofautisha nao ni namna alivyoweza kukaa wiki baada ya wiki bila kuisikia sauti ya binadamu mwenzake, ilhali maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa yamejaa mabaharia, mke na watoto.

Slocum alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 katika kijiji cha Mount Hanley, Nova Scotia, ambayo sasa ni mkoa wa Kanada. Alikuwa wa tano katika familia ya watoto 11. Babake alishindwa na kilimo, akawahamishia jamaa zake katika kisiwa cha Brier na kufungua karakana ya viatu vya wavuvi. Kijana Joshua alitolewa shuleni mapema ili asaidie kazi hiyo aliyoichukia. Inasimuliwa kwamba siku moja babake alimfumania akichonga kijimeli cha kuchezea, akakitwaa na kukivunjavunja. Mamake, binti wa mlinzi wa mnara wa taa, alifariki mwaka 1860. Kijana huyo, akiwa na miaka 16, akaihama nyumba ya babake na kuingia baharini.

Alianza kama baharia wa kawaida katika meli za biashara za Uingereza. Elimu ya nyota na vipimo vya bahari aliipata kwa kujisomea, akapanda ngazi hadi akawa nahodha, na mwaka 1865 akachukua uraia wa Marekani. Miaka sita baadaye alitia nanga mjini Sydney, Australia, na huko akakutana na Virginia Walker. Walifunga ndoa tarehe 31 Januari 1871.

Ndoa hii haina budi kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndiyo inayotoa mwanga juu ya mambo yaliyofuata. Virginia hakuwa mke wa kumsubiri mume bandarini. Alihamia melini moja kwa moja, na kwa muda wa miaka 13 kila meli aliyoiongoza mumewe ilikuwa ndiyo nyumba yao. Alizaa watoto saba katika maisha hayo ya safari, watatu wakafariki wakiwa wachanga. Aliwafunza waliosalia kusoma na kuandika ndani ya chumba cha nahodha kilichojaa vitabu. Alikuwa hodari wa kulenga shabaha, na mabaharia walipoasi hakujificha, bali alisimama nyuma ya mumewe akiwa na bastola mkononi.

Tarehe 25 Julai 1884, meli yao Aquidneck ikiwa imetia nanga Buenos Aires, Argentina, Virginia aliugua na kufariki akiwa na miaka 34. Mmoja wa wana wao alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba babake, tangu siku hiyo, alikuwa kama chombo kilichovunjika usukani.

Masaibu hayakukoma hapo. Mwaka 1886 Slocum alimwoa Henrietta Elliott, binamu yake wa miaka 24, akampandisha katika Aquidneck. Safari hiyo iliandamwa na maradhi ya ndui, maasi ya mabaharia na mauaji, kwani nahodha aliwapiga risasi waasi wawili na mmoja akafa. Mahakama ilimwachilia huru. Hatimaye, mnamo Desemba 1887, meli ikapanda mwamba wa mchanga kwenye pwani ya Brazil na kuvunjika, bila bima.

Mtu mwingine angeomba nauli ya kurudi kwao. Slocum aliokota mbao za meli iliyovunjika, akakata nyingine msituni, akaunda mashua ya futi 35 na kuitia majini tarehe 13 Mei 1888, siku ambayo utumwa ulipigwa marufuku nchini Brazil. Aliipa jina Liberdade, yaani Uhuru. Yeye, mkewe na wanawe wawili walisafiri kwa mashua hiyo kwa siku 55 hadi South Carolina, Marekani. Henrietta alishuka pwani akiwa amekinai, na tangu hapo hakutaka tena kusikia habari za kuvuka bahari.

Hivyo, kufikia mwaka 1892, Slocum alikuwa mtu wa miaka 48 asiye na meli, asiye na kazi na asiye na mwenzi wa safari. Meli za mvuke zilikuwa zimewafukuza manahodha wa matanga kazini. Majira hayo ya baridi, nahodha mmoja mstaafu alimwambia kwamba angempa bure chombo kinachohitaji matengenezo kidogo tu. Slocum alipofika Fairhaven, Massachusetts, alikuta mashua kuukuu ya wavuvi wa chaza iitwayo Spray, imeegemezwa kwa magogo katikati ya shamba na kufunikwa kwa turubai, mbali na maji. Majirani walidhani amekuja kuibomoa.

Kwa miezi 13 Slocum alikata miti ya mwaloni, akakunja mataruma kwa mvuke, akabadilisha ubao mmoja baada ya mwingine na kuukalafati, hata ikawa vigumu kusema kilichobaki cha Spray ya zamani ni nini isipokuwa jina. Gharama yote ilifika dola 553.62. Mashua ilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9, upana wa futi 14 na inchi 2, na mkuku mrefu ambao baadaye ulimpa neema asiyoitarajia: usukani ukifungwa kwa kamba, Spray iliweza kushika njia yake yenyewe usiku kucha, mwenyewe akiwa amelala.

Tarehe 24 Aprili 1895 alitweka tanga na kuondoka Boston. Alipitia kisiwa cha utoto wake, akanunua saa ya bati ya dola moja mjini Yarmouth kwa vile matengenezo ya saa yake ya ubaharia yangegharimu dola 15, kisha mapema Julai akaikabili Atlantiki.

Upweke ulimshika katika siku za mwanzo kabisa, na haukumshika wakati wa dhoruba. Hili ndilo jambo ambalo wasiowahi kusafiri baharini hawalitarajii. Upepo ulipovuma kwa kishindo, Slocum alikuwa na tanga la kupunguza, kamba za kukaza na maji ya kuchota, naye hakupata nafasi ya kujihurumia. Hofu ilikuja baada ya upepo kutulia, ukungu ulipoifunika mashua kiasi kwamba asingeweza kuona chochote zaidi ya omo. Hapo kumbukumbu za maisha yake yote zilimjia kwa pamoja, kubwa na ndogo, na akasikia sauti za watu aliowafahamu mahali mbalimbali duniani zikimrudia.

Alikuwa ameonywa kwamba mtu asipoitumia sauti yake kwa muda mrefu ataipoteza. Kwa hiyo akaanza kutoa amri kwa sauti, kana kwamba ana mabaharia chini yake. Kila adhuhuri alipopima jua alitangaza kengele nane, kama ilivyo desturi ya melini. Akiwa chumbani alimpigia ukelele mshika usukani asiyekuwapo, akimuuliza chombo kinaelekea wapi. Kimya kilichojibu kilimkumbusha hali yake kwa ukali zaidi kuliko kama asingeuliza, nayo sauti yake mwenyewe ilimrudia ikiwa tupu. Aliiacha mbinu hiyo.

Ni rahisi kulipuuza jambo hili dogo, lakini ndilo linaloonyesha akili ya mtu huyu. Hakung'ang'ania dawa isiyoponya. Alipoona kwamba kujifanya ana wenzake kunamwongezea majonzi, alijaribu kuimba. Mabaharia wa matanga duniani kote, wakiwemo wale wa majahazi ya Lamu wanapoinua foromali, wanajua kwamba wimbo ni kifaa cha kazi sawa na kamba. Slocum hakuwa na sauti ya kusifiwa, na alilikiri hilo kwa mzaha, akidai kwamba kasa walitoa vichwa majini kumtazama kila alipoimba. Baharini hakukuwa na wa kumcheka, kwa hiyo akaendelea kuimba.

Siku chache baadaye meli ya Wahispania ilimpita karibu, na nahodha wake akampitishia chupa ya divai kwa kamba. Kitendo hicho kidogo cha ukarimu kilimchangamsha kwa siku kadhaa. Tarehe 20 Julai alifika visiwa vya Azores.

Huko Azores alipewa matunda ya plamu na jibini nyeupe, akavila kwa wingi baada ya kuondoka, na usiku akashikwa na msokoto wa tumbo uliomwangusha sakafuni pa chumba chake. Dhoruba ilikuwa inakuja na hakuwa na nguvu za kupunguza matanga. Alipozinduka alichungulia nje, akaona mtu mrefu mwenye ndevu nyeusi na kofia nyekundu ameshika usukani. Alidhani ni haramia. Mgeni yule akajitambulisha kwa adabu kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya meli tatu za Christopher Columbus za mwaka 1492, akamwambia kwamba amekuja kumsaidia usiku huo, na akamkanya dhidi ya kuchanganya plamu na jibini.

Kulipokucha, Slocum alikuta sitaha imeoshwa na mawimbi, vitu vingi vimechukuliwa na maji, lakini Spray ilikuwa imeshika njia yake barabara na kwenda maili zipatazo 90. Alizitupa plamu baharini. Daktari angesema ilikuwa homa, na bila shaka ndivyo ilivyokuwa. Slocum mwenyewe alijua hivyo, ila hakuona sababu ya kumfukuza rubani huyo. Alisimulia kwamba mgeni alimtokea tena ndotoni, na tangu hapo akajihisi kana kwamba ana rafiki chomboni mwenye uzoefu mkubwa wa bahari. Kuna watu ambao njozi kama hiyo ingewatia kiwewe. Yeye aliikaribisha, akaifanyia mzaha, kisha akarejea kufunga kamba zake.

Alifika Gibraltar akikusudia kupitia Mediterania. Maafisa wa jeshi la majini la Uingereza walimwonya juu ya maharamia, naye akageuza njia na kuvuka tena Atlantiki kuelekea Brazil. Mnamo Desemba 1895, Spray ilikwama mchangani kwenye pwani ya Uruguay. Slocum alipakia nanga na kamba nzito katika kidau ili aitie mbali na mashua, kidau kikajaa maji na kupinduka, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajui kuogelea. Mara tatu alijaribu kukigeuza kidau na mara tatu akazama pamoja nacho. Alikuwa ameanza kuisema sala yake ya mwisho alipowakumbuka wale waliotabiri kule nyumbani kwamba angeshindwa. Kwa kutotaka kuwapa furaha hiyo, alijaribu tena, na safari hii akafaulu.

Kutoka hapo alienda Buenos Aires, mji alikozikwa Virginia. Katika kitabu chake Slocum anazungumzia bandari mpya, marafiki wa zamani na hata mfanyabiashara aliyeuza majeneza. Kuhusu kaburi la mkewe hasemi lolote. Msomaji asiyezijua habari za maisha yake hawezi kukisia kwamba mtu huyu alikuwa amefiwa mjini humo. Ametuambia aliyozungumza na mwezi, ametuambia juu ya kasa na rubani wa njozi, lakini mlango huu mmoja aliufunga.

Mapema mwaka 1896 aliingia Mlangobahari wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika. Mjini Punta Arenas nahodha mmoja alimpa mfuko wa misumari midogo ya zulia, akamshauri aimwage sitahani kila usiku ncha zikiwa juu. Usiku mmoja wenyeji waliokuwa wamenuia kumvamia walipanda chomboni miguu mitupu, wakakanyaga misumari na kuruka majini wakipiga mayowe. Misumari ile ilimfanyia kazi ya zamu, na mtu aliye peke yake haombi zaidi ya hapo, yaani kupata usingizi bila hofu.

Ila bahari yenyewe haikutishwa na misumari. Alipotoka upande wa Pasifiki mwanzoni mwa Machi, tufani ilimrudisha kusini-mashariki kwa siku nne kuelekea Cape Horn, na usiku wa giza totoro akajikuta katikati ya miamba iliyokuwa ikitoa povu pande zote. Alipapasa njia hadi alfajiri. Aliponusurika, ilimbidi aanze kuupita mlangobahari upya. Alijaribu tena na tena kutoka, akirudishwa na upepo kila mara, na baina ya jaribio moja na jingine alishona matanga yaliyochanika, akaokota shehena ya mafuta ya wanyama iliyosukumwa pwani kutoka meli iliyozama, akajaza kuni na maji. Alifaulu tarehe 13 Aprili 1896, alipong'oa nanga kwa mara ya saba. Alishangilia kwa sauti, na waliomsikia ni sili, penguini na ndege wa baharini.

Jambo jingine lilimtukia katika nchi ile ya baridi. Alijikuta hawezi tena kuua. Bata wa mwituni walikuwa tele na nyama safi ilikuwa adimu, lakini mtu aliyekuwa amezingirwa na upweke kiasi kile hakutaka kuupunguzia ulimwengu uhai hata wa kiumbe kimoja, ila kwa kujihami. Hali hiyo ilizidi kadiri alivyosafiri, hata kutajiwa tu habari za kuchinja kukamchukiza.

Katika kisiwa cha Juan Fernandez, pwani ya Chile, aliwakaangia wakazi maandazi kwa mafuta yale aliyookota, akawafunza kuyapika, kisha mnamo Mei 5 akaondoka. Safari iliyofuata, ya siku 72 hadi Samoa, ndiyo ndefu kuliko zote. Siku ya 43 aliona kisiwa cha Nukahiva kwa mbali. Alikuwa na chakula na maji ya kutosha, akakipita bila kutia nanga.

Ingetarajiwa kwamba hapa, katika siku 72 za maji matupu, ndipo upweke ungemwangamiza. Kinyume chake, huu ulikuwa wakati wake wa raha. Upepo wa nyuma uliisukuma mashua usiku na mchana, usukani ukiwa umefungwa. Asubuhi aliokota sitahani samaki warukao walioanguka usiku, akawakaanga. Alipika, akatia viraka nguo zake, akapima mwezi na nyota kwa hesabu ngumu, akagundua hata kosa katika jedwali za mahesabu alizokuwa nazo. Saa nyingi zilizosalia alisoma. Slocum alikuwa amekwisha kufikia uamuzi kwamba si vyema mtu kuwa peke yake, na maadamu binadamu hawakuwapo, alifanya urafiki na vilivyokuwapo: ndege, nyota, miamba ya matumbawe, na nafsi yake mwenyewe. Vyote hivyo vilipomwangusha, vitabu havikumwangusha. Chumba cha Spray, pamoja na ufinyu wake, kilikuwa kimefanana na kile ambamo Virginia alikuwa akiwasomesha watoto.

Alipofika Apia tarehe 16 Julai 1896, wasichana watatu walimjia kwa mtumbwi, wakamwuliza wenzake wako wapi. Aliposema yuko peke yake hawakukubali. Walimwambia wazi kwamba alikuwa na wenzake na kwamba amewala. Slocum alisimulia kisa hicho kwa furaha isiyofichika. Huko pia alikaribishwa na Fanny Stevenson, mjane wa mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyemzawadia vitabu vya mumewe vya kuongozea vyombo.

Kutoka Australia aliingia Bahari ya Hindi, akisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, nduguye ule ufikao pwani yetu ukiitwa kusi. Alikwenda maili 2,700 hadi visiwa vya Keeling kwa siku 23, na katika muda huo wote hakushika usukani kwa zaidi ya saa tatu. Saa yake ya bati ilikuwa imepoteza mshale wa dakika. Aliichemsha, ikaendelea kuonyesha saa. Hatari ilimkuta pale Keeling alipokuwa si peke yake. Alitoka na mwenzake mmoja kwa mashua ndogo mbovu ndani ya rasi, upepo ukaanza kuwasukuma nje, na kwa upande waliokuwa wakienda nchi ya karibu ilikuwa Afrika, umbali wa maili 3,000, nao hawakuwa na tone la maji ya kunywa. Kwa kasia na mti wa kusukumia walirudi. Slocum aliihesabu saa hiyo kuwa ya hatari kuliko nyingine yoyote katika safari nzima.

Katika kisiwa cha Rodrigues, Septemba 1897, waumini walikuwa wametoka kusikia mahubiri juu ya Mpinga Kristo walipoiona Spray ikiingia kwa kasi. Bibi kizee mmoja alijifungia nyumbani mwake muda wote nahodha alipokuwapo. Alipofika Durban mnamo Novemba, alikutana na Henry Morton Stanley, yule yule aliyevuka Afrika kutoka Bagamoyo hadi mlango wa Mto Congo akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi. Stanley alimhoji ingekuwaje kama Spray ingegonga mwamba. Slocum alimjibu kwamba haikuwa ruhusa kwake kugonga mwamba. Watu wawili hawa walikuwa wameijua dunia kwa njia zilizotofautiana mno.

Pale St Helena alipewa mbuzi ili amfariji njiani. Mbuzi huyo alitafuna kofia yake ya ukindu na ramani ya visiwa vya Karibi, na Slocum akamshusha Ascension bila majuto. Si kila mwenzi anafaa kuliko upweke. Tarehe 27 Juni 1898, saa saba usiku, alitia nanga Newport, Rhode Island, akiwa na uzani uliozidi kidogo ule aliokuwa nao siku ya kuondoka. Rafiki zake walisema amerudi kijana.

Si wote waliomfuata waliobahatika hivyo. Mwaka 1968, Mwingereza Donald Crowhurst alijiunga na mashindano ya kuizunguka dunia peke yake bila kusimama. Alipotambua kwamba mashua yake haingestahimili, alibaki Atlantiki akituma habari za uongo kuhusu mahali alipo. Alibanwa baina ya aibu ya kurudi na hofu ya kusonga mbele, na maandishi yake ya mwisho yalikuwa ya mtu aliyepotewa na akili. Mashua yake ilikutwa tarehe 10 Julai 1969 ikielea bila mtu. Alikuwa na redio; Slocum hakuwa nayo. Ila redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikimdai aseme uongo mwingine kila ilipowashwa, ilhali Slocum, alipozungumza na mwezi, hakuwa na la kuuficha.

Kitabu cha Slocum kuhusu safari yake kilitoka mwaka 1900 na kumletea fedha na sifa. Alinunua shamba West Tisbury, kisiwani Martha's Vineyard, akajaribu kuwa mkulima kama babake, na kama babake akashindwa. Nchi kavu haikumkalia vyema. Mwaka 1906, huko Riverton, New Jersey, alikamatwa kwa tuhuma za kumdhulumu msichana wa miaka 12 aliyekuwa ameingia katika mashua. Shtaka lilipunguzwa, hakulipinga, na alikaa korokoroni siku 42. Waliomtembelea miaka hiyo walimkuta akiishi zaidi ndani ya Spray kuliko nyumbani, na mashua yenyewe ikiwa imechakaa, kamba zake zikiwa zimelegea kwa namna ambayo nahodha wa mwaka 1895 asingeivumilia.

Mnamo Novemba 1909, akiwa na miaka 65, aliondoka Vineyard Haven kuelekea Amerika Kusini, akikusudia kupanda mto Orinoco. Hakuonekana tena. Wapo waliodhani aligongwa na meli ya mvuke usiku, wengine wakasema mbao zilimfungukia katika dhoruba. Mwaka 1924 mahakama ilimtangaza kuwa amefariki, ikahesabu kifo chake tangu tarehe 14 Novemba 1909. Hakuna ubao wala tanga la Spray lililowahi kuokotwa.